Sarafu ya Nne Iliyonipeleka Laare

Kosa nililofanya mapema kabisa ni kuisugua sarafu. Nilikuwa nazo nne, senti kumi za zamani zenye tundu katikati, zile za kabla ya uhuru zenye jina la mfalme wa Uingereza upande mmoja na pembe za ndovu upande wa pili. Zote zilikuwa na rangi moja ya kahawia, kama chai iliyosahauliwa jikoni. Moja niliiona chafu kidogo kuliko zile nyingine. Nikaikamulia limau, nikaipaka jivu, nikaisugua kwa waya wa kuoshea sufuria mpaka ikang'aa kama kitasa kipya. Nilipoiweka mezani pamoja na zile tatu, hata mtu wa kupita dirishani angejua ni ipi. Hiyo ilikuwa Jumatano jioni. Onyesho langu lilikuwa Jumamosi.

Mlioniuliza nilipotelea wapi siku zile, na kwa nini nilipanda jukwaani nikiwa na manyoya ya kuku kwenye nywele, majibu yenu ni haya.

Majimbo

Baadhi yenu hamjui ninachofanya nikifunga mlango wa chumba changu hapa mtaani Majimbo. Nafanya mazingaombwe ya sarafu. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa video na kwa kioo, miaka mitatu, na nina daftari ambamo huandika kila kosa la kila kidole. Shilingi zetu sizipendi kwa kazi hiyo. Mtu akiona shilingi mkononi mwa kijana asiyemjua, anashika mfuko wake. Lakini sarafu ya kigeni, kubwa, yenye tundu, anainama kuitazama. Tundu lenyewe linanisaidia: mtu akiona upande wa pili kupitia katikati ya kitu, hudhani ameona kila kitu.

Mchezo wangu mkuu ulihitaji nne zinazofanana. Unaziweka kwenye pembe nne za kitambaa, na moja baada ya nyingine zinakutana kwenye pembe moja. Zikiwa tatu za kahawia na moja ya kung'aa, mchezo umekufa.

Na sasa niungame. Wambeti, ambaye huandaa jioni za wasanii chipukizi hapa Embu, alikuwa ameniweka kwenye orodha mara mbili, na mara zote mbili nilighairi siku yenyewe. Mara ya kwanza nilisema nina malaria. Mara ya pili nilimuua mjomba wangu, mtu mzima mwenye afya anayelima mbaazi kule Mbeere. Mara ya tatu, aliponiandika kwa Jumamosi ile, Wambeti aliniambia kwa sauti ya chini, "Ireri, ukighairi tena usinipigie simu. Sitakasirika. Nitajua tu wewe ni mtu wa chumbani." Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amewahi kuniita msanii, na sasa hata yeye alikuwa karibu kuacha.

Jumatano ile ile, rafiki mmoja akanipa namba ya mchinjaji wa Kanyakine aliyesemekana ana sarafu ya zamani yenye tundu. Nilimpigia nikamwuliza maswali tisa. Ina mkwaruzo? Ukingo umeliwa? Rangi yake ni ya kahawia au nyeusi? Tundu liko katikati kabisa? Alijibu yote kwa uvumilivu. Alhamisi asubuhi nikaondoka.

Embu hadi Chuka, pamoja na vifaranga

Njeru, jirani yangu, ana gari la Probox analosambazia vifaranga vya siku moja. Siku hiyo alikuwa na maboksi hadi Nkubu, akakubali kunishusha Kanyakine mradi nishike boksi moja mapajani. Boksi lilikuwa na joto kama mkate, na lilipiga kelele tangu Majimbo.

Nikiwa na wasiwasi, mikono yangu haitulii. Baada ya Runyenjes nilitoa sarafu moja nikaanza kuizungusha vidoleni juu ya kifuniko cha boksi.

"Unacheza na pesa ya mkoloni juu ya mali yangu," Njeru alisema.

"Siwezi kuiangusha. Nimefanya hivi mara elfu."

Gari likaruka tuta. Sarafu ikaingia kwenye kijitundu cha hewa.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, mama mmoja wa Chuka. Alitusubiri kando ya barabara na beseni lake, na desturi yake ni kuhesabu kila kifaranga mwenyewe. Alipofika arobaini na kitu akasimama.

"Njeru, hawa wako wanadonoa kitu."

"Ni pesa, mwalimu," Njeru akajibu. "Mwaka huu tunawauza wakiwa na akiba."

Mwalimu hakucheka. Aliokota sarafu, akaipangusa kwa leso, akaitazama kupitia tundu, kisha akaniambia kwamba amepoteza hesabu kwa sababu yangu na itabidi aanze upya. Akaanza upya. Kifaranga kimoja kikaruka kutoka kwenye beseni, akaanza tena. Nilisimama pale nikiwa nimefungua daftari, nikaandika: *usizungushe sarafu ndani ya gari*. Saa moja na nusu ilipita kabla hatujaondoka Chuka, na mimi ndiye niliyebeba beseni mpaka nyumbani kwake.

Kanyakine

Mchinjaji anaitwa Mutwiri. Ni mtu mnene, mpole, mwenye aproni nyeupe kuliko shati langu. Nilifika saa nane mchana. Alinitazama juu hadi chini, kisha akatazama barabarani nyuma yangu.

"Uko peke yako?"

"Peke yangu."

"Hakuna gari?"

"Lilikuwa la vifaranga. Limeenda Nkubu."

Akaniketisha nyuma ya bucha, akaniletea supu ya kichwa na ndizi za kuchemsha zilizopondwa na maharagwe. Hakutaka kusikia habari ya sarafu kabla sijamaliza. Nilikula haraka. Aliniongeza. Nilipomaliza ya pili, akafunga mlango nusu, akanawa mikono, akakaa mbele yangu.

"Sasa niambie ukweli, kijana. Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Mtu hawezi kutoka Embu kufuata senti ambayo hata pipi hainunui. Nimesikia kuna matajiri Nairobi wanatafuta hizi. Wanalipa nyumba nzima. Mimi sina tamaa. Nataka tu kujua nyumba yenyewe iko wapi."

Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu mzima nisiyemjua kwamba mimi hufanya mazingaombwe. Nilimwambia. Nilimwambia pia habari ya limau, malaria na mjomba. Sijui kwa nini nilimwambia yote. Nadhani ni ile supu.

Mabega ya Mutwiri yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika ndoano ya nyama.

"Na huyo mjomba anajua amekufa?"

"Hajui."

"Mpelekee hata kilo moja ya nyama siku moja. Mtu hafi bure."

Akaenda ndani, akarudi na kiberiti, akakifungua kama mtu anayefungua kisanduku cha pete ya harusi. Ndani mlikuwa na sarafu safi kabisa. Haikuwa na mkwaruzo. Rangi ilikuwa ile ile. Tundu lilikuwa katikati kabisa. Na ilikuwa ya senti tano.

Niliiweka juu ya yangu ya senti kumi, ikalala ndani yake kama mtoto kwenye kiti cha baba. Nilikuwa nimeuliza maswali tisa, na sikuuliza ni ya senti ngapi.

"Nilikujibu kila kitu," Mutwiri alisema, sasa akinihurumia.

"Ulinijibu. Kosa ni langu."

Aligeuza ile kubwa kidoleni, akakunja uso. "Lakini hii nimeiona. Kwa Koome, kaka ya mke wangu. Yuko Laare, anafunga miraa. Ana moja ya kupitishia kamba." Akapiga simu hapo hapo, wakaongea Kimeru. Alipomaliza akaniambia, "Anasema uende kesho asubuhi. Lakini usimwongeleshe kabla gari halijaondoka."

"Gari gani?"

"Utaona."

Nilihesabu saa kichwani. Kutoka Kanyakine hadi Laare ni kuzidi kuiacha Embu nyuma, na Jumamosi saa tisa alasiri jina langu lingesomwa. Mtu mwenye akili angerudi nyumbani. Mimi nililala Meru mjini nikiwa sina hata soksi za kubadilisha.

Laare, kabla gari halijaondoka

Ijumaa asubuhi nilifika Maua, na kutoka hapo bodaboda ikanipandisha Laare katika ukungu uliolowesha kope. Banda la Koome liko nyuma ya soko. Ndani kulikuwa na watu kama kumi wameketi juu ya magunia, na milima miwili: mmoja wa miraa na mmoja wa majani ya migomba. Hakuna aliyeniangalia. Miraa ikikawia hunyauka, na ikinyauka imekuwa kuni. Gari lazima lishuke nayo ingali mbichi.

Koome nilimjua kwa vidole. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, amevaa kofia ya sufu. Alichukua vijiti, akavipanga, akavifunga fungu kwa uzi wa mgomba, akatupa, akachukua vingine, yote kabla sijavuta pumzi mbili. Na kwenye msumari kando yake ilining'inia sarafu. Alikuwa akichana ganda kavu la mgomba, anapitisha ncha kwenye tundu, anavuta, na upande wa pili unatoka uzi mviringo, laini, wa unene mmoja.

Niliketi. Mama mmoja mwenye kitambaa cha manjano, ambaye baadaye nilijua ni Mama Makena, muuzaji wa majani ya migomba, akanisukumia rundo la vijiti.

"Huku hatuna viti vya kutazamia, kijana. Funga."

Nikafunga. Nilipanga vijiti kwa urefu, nikageuza vichwa vyote upande mmoja, nikafunga fundo nikalitazama, nikalifungua, nikalifunga tena. Mama Makena alikichukua kifungu changu cha kwanza akakiinua watu wakione.

"Hiki ni cha kupiga picha. Si cha kuuza."

Banda zima likacheka. Koome hakuacha kufunga, lakini aliniangalia mara ya kwanza. Kufikia saa tano nilikuwa nimefunga mafungu kumi na mawili. Ya kwake sikuweza kuyahesabu. Kisha honi ikapigwa nje, magunia yakabebwa mbio, Hilux ikaondoka kama inayofukuzwa, na banda likawa kimya ghafla. Watu walinyoosha miguu. Uji wa wimbi ukaletwa kwenye vikombe vya plastiki.

Laare, baada ya gari kuondoka

"Haya," Koome alisema. "Shemeji ameniambia mambo yako. Nionyeshe kazi ya sarafu ndipo tuongee."

Nilitazama watu kumi. Katika miaka mitatu nilikuwa nimefanya mbele ya kioo tu, na mara moja mbele ya Njeru, aliyekuwa akisoma simu. Mikono yangu ilikuwa na utomvu. Nilitandaza leso juu ya gunia nikafanya mchezo mfupi wa sarafu tatu, ambamo zinahama moja moja kutoka kiganja cha kulia kwenda cha kushoto. Ili macho yao yatoke mikononi mwangu kidogo, nilimwuliza Mama Makena habari za mvua.

"Iko kushoto, baite, rafiki yangu," Koome alisema kabla sijafungua kiganja.

"Imekuwa huko tangu aulize mvua," Mama Makena akaongeza.

Nilijaribu mara ya pili. Mzee mmoja mwenye kikombe alinyoosha kidole tu, bila kusema. Mara ya tatu walisema wote kwa pamoja, kama kanisani. Masikio yangu yaliwaka. Kila nilichokiandika katika lile daftari, kila pembe ya kidole, kilikuwa sahihi, na bado waliniona kama niko uchi.

Koome hakuwa ananidhihaki. Alinieleza kama fundi anavyomweleza fundi. "Sikiliza. Mtu akitaka kukuwekea vijiti vilivyonyauka ndani ya fungu, hawezi kuviweka na mkono unaofunga. Huo unauona. Anaviweka na ule mwingine, uliolala hapo kama mgonjwa, huku akikuuliza habari za nyumbani. Hapa tumekula hasara nyingi kwa mkono uliolala. Siku hizi ndio tunaoutazama."

"Na yeye ametuuliza mvua," Mama Makena akasema.

"Basi nifanyeje?"

"Upe kazi. Mkono wenye kazi hakuna anayeushuku."

Nilikunywa uji ili nipate kufikiri. Kulikuwa na mchezo mmoja nilioujua ambamo mikono yote miwili ina kazi ya kweli kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini nilikuwa nimeuacha kwa sababu kamba zangu za dukani zilikuwa nene, zinakwama. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi kwa kufunga kamba kwenye kitasa cha mlango na mguu wa kiti. Nilimwomba Koome uzi mmoja wa mgomba, mrefu.

Nilitunga sarafu zangu tatu kwenye uzi, nikampa Koome ncha moja na Mama Makena ncha nyingine. Niliwaambia washike kama wanavyoshika mali yao. Kisha nikaanza kuzipanga, kuzisukuma, kuzitenganisha, mkono huu na huu, bila kuongea kabisa. Sarafu ya kwanza ikaanguka kwenye leso. Ya pili ikaanguka. Ya tatu niliiachia katika kiganja cha Mama Makena mwenyewe, na ncha ya uzi ikiwa bado katika ngumi yake.

Aliuvuta uzi wote katikati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, akitafuta mahali palipokatwa. Akaurudia kutoka upande wa pili.

"Ni mzima," alisema.

"Rudia," Koome akaniambia.

Nikarudia. Alisogea karibu mpaka nikasikia pumzi yake. Ya tatu ilipoanguka, alivua kofia akajikuna.

"Sikuona."

Nimepata sifa kadhaa tangu siku hiyo. Hakuna niliyojivunia kama neno hilo, kutoka kwa mtu anayeishi kwa kuona.

Alitoa sarafu yake msumarini akanipa, bila kutaja bei. Ilikuwa ya senti kumi, ya kahawia, nzito kama zangu. Niliigeuza kwenye mwanga wa mlango. Tundu lilikuwa limeliwa na nyuzi za miaka yote ile. Halikuwa mviringo tena, lilikuwa kama punje ya maharagwe. Pamoja na zangu tatu ingejulikana kwa mbali.

Ningependa kuwaambia niliirudisha kwa sababu ni chombo chake cha kazi. Ukweli ni kwamba niliirudisha kwanza kwa sababu ya lile tundu, na huruma ikaja baadaye.

"Tundu limepinda," nilisema.

Koome alilitazama kana kwamba hajawahi kuliona. "Kwani uzi unatoka umepinda?"

Haukuwa umepinda. Ulikuwa uzi mzuri kuliko wowote nilioshika. Nikamwambia abaki na sarafu yake, nikamwomba uzi. Alinisokotea uzi mwingine mrefu, akautia ndani ya jani bichi la mgomba ili usikauke njiani, akalifunga kwa fundo moja. Sikulifungua kulikagua.

Kurudi

Mvua niliyoiulizia Laare ilinikuta Meru. Gari lililonibeba kutoka huko lilipasuka gurudumu mara mbili, na ya pili ilikuwa karibu na Chuka, likiwa halina tairi la akiba. Nililala kwa yule mwalimu mstaafu, kwa sababu nyumba yake ndiyo pekee niliyoijua. Alinipa githeri na blanketi, na kabla ya kulala alinitaka nihesabu vifaranga pamoja naye. Walikuwa sawa wote.

Jumamosi Njeru alipita hapo na maboksi matupu yenye manyoya, nikajipenyeza katikati yake. Nilifika ukumbini saa tisa kasoro dakika kumi. Wambeti alikuwa mlangoni na orodha.

"Ni nani amekufa?"

"Hakuna. Yule mjomba pia yuko hai. Nilikudanganya."

Alinitazama nywele, akaniondolea unyoya mmoja. "Wewe ni wa pili kupanda. Unahitaji meza?"

"Nahitaji watu wawili wa kushika uzi. Mmoja awe wewe."

Wengi wenu mlikuwepo, mliona. Mliona pia kilichotokea katikati: sarafu ya pili ilinitoka, ikabingirika hadi chini ya kiti cha mstari wa mbele. Miezi michache nyuma ningeifuata na kuendelea mpaka nje. Nilisimama nikamwomba yule bwana aiokote, achungulie kwenye tundu aniambie anaona nini. Akasema, "Naona umetoa jasho." Mlicheka, nami nikacheka, nikaitunga tena nikamaliza. Wambeti aliuvuta uzi mkononi mwake mara mbili, kama alivyofanya Mama Makena, na hakupata kitu.

Walioshika uzi waliporudi kwenye viti, sikuandika chochote katika daftari. Nilinunua soda, nikakaa, nikawatazama wengine.

Tangu Jumamosi ile nimepanda jukwaani mara tano, na sijaghairi hata mara moja.